Ndago za Mwalimu: kisa cha ukoka wa Kigamboni uliokufa mara mbili

Mwalimu aliponipigia simu mwanzoni mwa Januari alikuwa ameshakata shauri. Hakutaka ushauri, alitaka bei. "Fundi, ng'oa vyote hivi uniwekee ukoka mpya. Pasaka wanakuja wageni wa binti yangu, sitaki waje wakanyage mbigili." Nikamwamkia kwanza, shikamoo Mwalimu, akacheka, akaitikia marahaba, kisha akarudi palepale kwenye bei.

Nyumba yake iko Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba jioni ukilamba midomo unaonja chumvi. Sehemu ya ukoka ni kama mita za mraba 160: mwembe mkubwa upande wa magharibi, geti la gari mashariki, bomba la nje kwenye kona ya jikoni, na mteremko mdogo unaoshuka kuelekea getini. Nilivuka na pantoni kesho yake asubuhi. Kabla sijataja bei yoyote huwa nauzunguka uwanja mara mbili bila kusema neno, na wateja wengi hawapendi, wanadhani natafuta sababu ya kupandisha gharama.

Magugu yana lugha yake. Pale getini, mchanga uliokuwa mtupu na uliokandamizwa na matairi, palitawaliwa na mbigili. Kona ya bomba palikuwa na kongwa, laini na yenye maua ya buluu, maana bomba linavuja na kongwa inapenda miguu mibichi. Kando ya ukuta kulikuwa na kifauongo kikijikunja kila nilipokigusa kwa kiatu. Hao watatu hawakunitia wasiwasi. Kilichonisimamisha ni katikati ya uwanja, palipokuwa na kijani kizuri kinachong'aa, kiasi kwamba mtu akipita barabarani angesema ukoka umeshika. Niling'oa unyasi mmoja, nikauzungusha shina kati ya vidole. Haukuzunguka. Shina lilikuwa na pembe tatu.

Hizo ni ndago, magugu yenye viazi vidogo chini ya ardhi. Na ndago hazing'olewi kama Mwalimu alivyotaka, kwa sababu unachokishika mkononi ni kama mkia wa mjusi: mwenyewe amebaki chini.

Mwalimu alinipa historia akiwa barazani na birika la chai. Miaka mitatu nyuma, nyumba ilipokamilika, mjenzi alimletea udongo mweusi wa kutandaza juu ya mchanga, na nyasi za kikuyu zikaja kwa basi kutoka Arusha, nyumbani kwa kaka yake, ambako alikuwa ameziona zimetandaa kama zulia. Miezi minne ya kwanza ilikuwa raha tupu, picha zipo kwenye simu. Kisha zikaanza kukauka ncha, mapengo yakatokea, na mapengo yakajaa kijani kingine. Mwaka uliofuata fundi mwingine alipulizia dawa, akalima uwanja wote kwa jembe, akapanda kikuyu tena. Safari hii haikumaliza hata miezi minne.

Kwa hiyo nilikuwa wa tatu. Kumkuta mtu ameshatoa hela mara mbili ni jambo gumu kuliko magugu yenyewe, kwa sababu anakusikiliza akiwa ameshajua utasema nini.

Birika lile lilinisaidia. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe mgumu, na Mwalimu mwenyewe akasema sabuni haitoi povu kwa maji ya kisima, chai hupikiwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kununua kwa madumu. Lakini bustani ilikuwa inanyweshwa maji hayohayo ya kisima, magumu na ya chumvi. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwenye ubaridi na mvua za kutosha. Ukizileta kwenye joto la Pwani, kwenye mchanga, halafu ukazinywesha chumvi, hazifi siku moja, zinachoka. Na namna alivyomwagilia ilizidisha. Alikuwa anashika mpira dakika kumi kila jioni. Nilijaza ndoo ya lita 20 kwa ule mpira, ikachukua sekunde 50, yaani kama lita 24 kwa dakika, lita 240 kwa siku, chini ya lita 1,700 kwa wiki. Uwanja wa mita 160 wenye jua kali unataka kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, jumla lita 4,000. Alikuwa anatoa chini ya nusu, tena kidogokidogo, maji yanalowesha juu, jua linayanyonya, chumvi inabaki palepale kwenye mizizi. Angemwagilia mara mbili tu kwa wiki lakini kwa wingi, chumvi ingesukumwa chini.

Hiyo ni nusu ya kifo. Nusu ya pili niliipata kwa kuchimba.

Nilipima mraba wa sentimita 30 kwa 30, nikashuka hadi sentimita 25, nikaupitisha udongo wote kwenye chekeche la mchanga. Sentimita 15 za juu zilikuwa nyeusi, zenye kushikana. Chini yake mchanga mweupe wa Kigamboni, safi. Kwenye chekeche vilibaki viazi vya ndago 41, vyeusi, vidogo kama njugu, vingine vikiwa bado vimeungana kwa kamba nyembamba kama shanga zilizotungwa. Ukikipasua kimoja ndani ni cheupe na kina harufu yake, si mbaya. Katika mchanga mweupe wa chini sikupata hata kimoja. Nikaenda nyuma ya nyumba, mahali udongo mweusi haukufika, nikachimba shimo la pili. Mchanga, mizizi ya mwembe, basi.

Nikamwita Mwalimu aje aone mwenyewe. Aliinama, akaviokota viwili vitatu, akavipanga kiganjani. "Yaani hizi nilizinunua?" Ndivyo. Zilikuja na lori. Udongo mweusi wa kuuzwa mara nyingi hukombwa mabondeni, na bonde lenye maji ndipo ndago zinapojazana. Mjenzi hakuwa na nia mbaya. Aliona udongo mweusi, akadhani ni rutuba. Wengi wetu tumefanya hivyo, mimi pia, miaka ya nyuma, na mteja wangu mmoja wa wakati huo hanisalimii hadi leo.

Fundi wa pili ndiye aliyezizidisha, bila kujua. Kiazi cha ndago kikiwa kwenye mnyororo wake, kile cha mwisho huchipua na kuvituliza vingine vilale. Ukipitisha jembe unaikata kamba, na kila kimoja kinaamka kivyake. Alichimba uwanja mzima kukiwa na unyevu, akasawazisha, akapanda. Aliacha udongo mzuri kwa ndago.

Hapo ndipo mazungumzo ya bei yalipobadilika kuwa mazungumzo ya muda. Njia safi ingekuwa kuondoa tabaka lote jeusi: mita 160 kwa kina cha sentimita 15 ni meta za ujazo 24, safari nne za tipa la meta sita, na mchanga wa kurudishia. Mwalimu alinitazama kama mwanafunzi aliyetoa jibu la kijinga. Tukakubaliana kuondoa mita 40 za mraba za katikati, palipokuwa pabaya zaidi, safari moja tu ya tipa, na kwingine kote tupigane nazo hadi masika. Nikamwambia wazi: Pasaka huenda uwanja usiwe wa kijani. Alinyamaza muda, akasema, "Fanya kazi, Fundi."

Dereva wa tipa alipomaliza kupakia aliniuliza kwa furaha kabisa kama anaweza kuuondoa ule udongo bila kunidai hela ya kuumwaga. Alikuwa na mteja Mjimwema anatafuta udongo wa bustani. Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Tukavutana. Mwishowe tuliupeleka kwa mjenzi mmoja aliyekuwa anajaza kifusi chini ya sakafu ya stoo, nikasimama hadi zege likamwagwa juu yake. Nililipa mimi safari ile ya ziada, na sikuiandika kwenye hesabu ya Mwalimu.

Sasa kosa langu. Ndago zinapokuwa na majani mabichi yanayokua, glaifoseti, dawa ya kuua magugu, hushuka kutoka kwenye jani hadi kwenye kiazi, na ndiyo maana inafaa kuliko kukata. Nilizinywesha wiki nzima ili ziwe na nguvu, kuku wakafungiwa, nikavaa glavu na buti, nikapulizia asubuhi kabla upepo wa kaskazi haujaamka. Dawa nilichanganya kwa kipimo cha lebo, katika bomba la mgongoni la lita 16, kwa maji ya kisima. Yale yale ya ukoko wa birika. Baada ya wiki mbili zilikuwa zimepauka ncha tu, kama mtu aliyenyoa ndevu. Kwanza nikamlaani muuza dawa. Usiku nikiwa nimelala nikalikumbuka birika. Chokaa na magnesi za maji magumu huishika glaifoseti ndani ya bomba, ikawa haina kazi kabla hata haijagusa jani.

Mwanzoni mwa Februari nilirudia kwa maji baridi ya madumu, na kwa usalama nikatia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) gramu 320 kwenye lita 16, nikaikoroga hadi ikayeyuka, nikaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, ndipo nikamimina dawa. SA inayashika yale madini yasiishike dawa, na pia inasaidia jani kuipokea. Siku ya kumi na nne uwanja ulikuwa rangi ya kahawa. Madumu yenyewe yalikuwa manne. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kunitia aibu.

Lakini viazi vilivyolala havipati dawa, kwa sababu havina jani la kuipokelea. Kwa hao tulitumia jua. Katikati ya Februari, ardhi ikiwa kavu kama unga, mimi na kijana wangu tuligeuza udongo kwa uma wa bustani, si kwa jembe, tukavileta viazi juu na kuviacha siku kumi na mbili, tukipitisha reki kila baada ya siku mbili. Kiazi cha ndago kinavumilia mengi ila hakivumilii kukauka. Cha siku ya kumi ukikibana kwa kucha kinavunjika kama biskuti. Kulima kulekule kulikoharibu kwa fundi wa pili kukiwa na unyevu, kwetu kulisaidia kwa sababu ya ukame. Kama wingu moja tu la mvua lingepita siku zile, ningekuwa nimerudia kosa lake.

Kuna watu waliniambia nitandaze nailoni nyeusi. Kwa magugu mengine sawa. Ndago zina ncha kama sindano, zinaitoboa.

Mwisho wa Februari tulisawazisha, tukarudishia mchanga uliooshwa katikati, tukachanganya samadi ya ng'ombe iliyoiva mwaka mzima. Samadi mbichi sikubali, ng'ombe amekula mbegu za kila namna. Kisha tukamwagilia uwanja mtupu. Mwalimu alishangaa: unanywesha nini? Nilikuwa nazinywesha ndago zilizobaki, na mchicha pori, na chochote kilichokuwa kinasubiri. Baada ya siku kumi zilijitokeza, chache, zimetawanyika, na katikati ya Machi nikapulizia mara ya mwisho. Wiki zile uwanja ulikuwa mchanga mtupu wenye kijani cha hapa na pale, na majirani waliopita walinitazama kwa huruma.

Kuchagua nyasi kulikuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye jua na maji ya chumvi, pasipalamu ya pwani, ile yenye majani membamba inayoota hata kandokando ya mikoko. Inastahimili chumvi kuliko karibu nyasi zote za bustani, na kile kisima kilichoua kikuyu kwake ni maji tu. Haipendi kivuli, ndiyo kasoro yake. Chini ya matawi ya mwembe nikapanda nyasi za Pemba, za majani mapana, ambazo nusu kivuli haiziui. Na kwenye shina lenyewe, duara la mita za mraba kama 20 ambalo jua halifiki, nikakataa kupanda chochote. Mwalimu alitaka kijani hadi kwenye gome. Tulibishana siku mbili. Sasa pana changarawe na benchi, na humo ndimo anamokaa kila siku, lakini hajawahi kusema kwamba nilikuwa sahihi na sitegemei.

Pasipalamu niliinunua ng'ambo ya pili, viroba kumi na vinne, nikavivusha na pantoni la saa kumi na mbili asubuhi. Vipando vya nyasi vikilundikwa vinajipika vyenyewe; ukitia mkono katikati ya kiroba cha jana unasikia joto. Kwa hiyo tulivimwagia maji njiani, abiria wakalalamika, na jioni ile ile vyote vilikuwa ardhini: vipande vya shina vyenye vifundo vitatu, viwili chini kimoja juu, mistari ya sentimita 15, tukikanyaga kwa mguu ili udongo ushike. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi.

Masika ilikuja kwa hasira. Usiku mmoja wa Aprili ilinyesha hadi alfajiri, na maji yakaufuata ule mteremko nilioudharau, yakachukua vipando vya mita kama kumi za mraba na kuvilundika getini. Kosa langu la pili: nilipanda mistari ikishuka na mteremko, kwa sababu ndivyo kamba ilivyokuwa imefungwa. Tulipanda upya mistari ikikata mteremko, tukalaza makuti juu yake na kuyabana kwa vijiti siku kumi, kisha tukayaondoa kabla hayajaanza kuzinyima nyasi jua.

Na Pasaka ikafika. Wageni wa binti walikuta uwanja wenye mistari ya vijani vidogo na makuti getini. Mzee mmoja, kwa heshima zote, aliuliza kama Mwalimu analima mpunga. Nilisikia kwa kijana wangu. Sikupokea simu siku mbili, na yeye hakupiga.

Kufikia katikati ya Mei mistari ilikuwa imekutana sehemu nyingi. Nikatia mbolea ya CAN gramu 15 kwa mita ya mraba, nikamwagilia, na wiki ya saba nikakata mara ya kwanza kwa mashine, nikibakiza sentimita nne. Kwanja nililiweka nyuma ya stoo nikaomba lisitumike. Kijana akikata kwa kwanja anakwangua hadi mchanga, jua linafika chini, na ndago hazitaki kitu kingine zaidi ya jua. Kivuli cha ukoka mnene ndicho kinachozidhoofisha polepole. Maji sasa ni Jumatano na Jumamosi, kwa muda wa kama saa moja na robo kila mara. Kopo la dagaa lililowekwa katikati ya uwanja likifika karibu sentimita moja na robo, unafunga. Mvua ikinyesha, kopo ndilo linaloamua.

Sikumdanganya Mwalimu kwamba ndago zimeisha. Nilimpa kijiko kirefu cha chuma na kazi moja: kila unyasi wa pembe tatu unaochomoza achimbe hadi atoe kiazi chake, kabla haujatimiza wiki tatu, maana ukiachwa zaidi unaanza kuzaa vipya. Nilitarajia atamwachia msichana wa kazi. Badala yake alifungua daftari la mistari, akapiga jedwali kwa rula kama la mahudhurio, mwezi, idadi, mahali. Mei: 61. Juni: 38. Julai alikuwa kwa kaka yake Arusha, mstari umeachwa wazi na maneno "mwalimu hayupo". Agosti zilipanda hadi 44. Alinipigia kwa hasira, nikamuuliza nani alichimba Julai, akanyamaza. Oktoba: 15.

Nilipita Desemba, vuli ikiwa imekolea, pasipalamu imefunga kiasi kwamba kidole hakigusi mchanga. Alinionyesha ukurasa wa Novemba: 7, zote zimeandikwa "bomba". Nikaenda kwenye kona ya jikoni. Linavuja vilevile, na kongwa imerudi na maua yake ya buluu. Nikamwambia kwa mara ya tano amwite fundi bomba, kile kipira cha washa ndani ya bomba ni cha shilingi chache. "Nimekusikia, Fundi," akasema, akaenda kuleta kijiko.